Nimelima kibarazani ghorofa ya tatu miaka miwili: kabla hujanunua ndoo hata moja, fuata jua kwanza

Mpangaji_Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Uzi huu niliuahidi kule kwenye mada ya bei ya nyanya, na wawili watatu wamenikumbusha kwa namna ambayo si ya upole sana. Naandika kwa simu, mtanivumilia.

Naishi Tabata, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, nimepanga. Ardhi sina. Nina kibaraza cha mita tatu kwa mita moja na robo, chenye ukuta mfupi wa kuzuia watoto wasidondoke, na kamba mbili za nguo. Shamba langu ndilo hilo. Leo lina mabeseni manne ya mchicha, ndoo mbili za nyanya, matembele, pilipili mbuzi, giligilani, vitunguu majani na mnanaa ambao sasa unajilea wenyewe. Lakini msimu wa kwanza nilivuna hasara tupu, na nitaanzia hapo.

Ilikuwa mwezi wa tano. Nilikuwa nimetazama video nyingi za kulima kwenye balkoni, karibu zote za Wazungu, na kila mmoja anarudia jambo lilelile: balkoni nzuri ni ile inayotazama kusini. Nikatoka nje, nikafungua dira ya simu. Kusini kabisa! Nikaona Mungu ananipenda. Nikanunua ndoo kumi na moja za rangi zilizotumika, viroba sita vya udongo, kimoja cha samadi ya kuku, na mbegu za kila kitu kilichokuwa na picha nzuri kwenye pakiti.

Mchicha uliota siku ya nne. Siku ya kumi ulikuwa mrefu, mwembamba, umepauka, umelala kama tambi zilizozidi moto. Nyanya zikarefuka kuelekea nje bila kutoa hata ua. Mimi nikadhani ni njaa, nikaongeza samadi, na samadi yenyewe ilikuwa mbichi. Ndani ya siku tatu mizizi ikaungua. Nikabaki na ndoo kumi na moja za udongo unaonuka na jirani wa chini aliyeanza kunisalimia kwa mkato.

Kosa langu lilikuja kuonyeshwa na kamba ya nguo. Mwezi wa sita na wa saba mke wangu alikuwa anapanda na beseni hadi juu ya paa kwa sababu nguo za kibarazani hazikauki, zinanuka uvundo. Mwezi wa kumi na mbili, kamba ileile, shati langu jeusi likapauka bega moja. Kibaraza hakijahama. Kilichohama ni jua.

Nikakaa chini nikalifuatilia. Dar iko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 7. Jua linapita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katikati ya Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi, jua la mchana liko upande wa kusini. Miezi mingine yote, zaidi ya saba, liko kaskazini. Kwa hiyo mimi mwenye kibaraza cha kusini nilipanda mwezi wa tano, wakati jua liko nyuma ya jengo langu na halina mpango wa kurudi karibuni. Yule Mzungu hakunidanganya. Kwao, mbali huko kaskazini, jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Alikuwa anaongea na majirani zake, mimi ndiye niliyedandia maongezi.

Kuna la pili, na hili sijaona mtu akilisema. Hata huo msimu wangu wa jua, saa sita mchana ya Desemba jua liko karibu kabisa na utosi. Sakafu ya jirani wa juu ndiyo dari ya kibaraza changu, nayo inalizuia. Nilipopima, mwanga ulikuwa unaingia kama sentimeta 80 tu kutoka ukingoni, na sehemu ya hizo inafichwa na ukuta mfupi. Kinachobaki sakafuni ni ukanda wa nusu mita. Jua linaloingia kweli kwenye vibaraza vyetu ni la pembeni, la asubuhi au la jioni, likiwa chini. Ndiyo maana kwa miji yetu kibaraza cha mashariki ni dhahabu: mwaka mzima kinapata jua mpaka saa nne au saa tano, tena jua lisilochoma. Cha magharibi kinafuata, ila jua la saa tisa linapika udongo kwenye ndoo na utamwagilia mara mbili kwa siku.

Kwa hiyo kabla ya ndoo, nunua chaki. Siku ambayo uko nyumbani, saa moja asubuhi chora sakafuni na ukutani pale mwanga unapoishia, andika saa. Rudia kila baada ya saa mbili hadi jioni. Halafu rudia zoezi baada ya miezi mitatu minne, maana ramani itakuwa imebadilika. Mimi ramani yangu ilinionyesha kwamba sakafuni ni kiza lakini usawa wa juu ya ukuta mfupi kuna saa tano za jua. Nikamwita fundi akanitengenezea benchi la mbao refu la kusimama ndani, usawa wa ukuta, na vyombo nikavifunga kwa waya ule wa kufungia nondo. Ghorofa ya tatu, wakuu. Ndoo ikimdondokea mtu hatutaongea tena habari za mchicha.

Ukishajua saa zako, mazao yanajichagua. Saa sita na zaidi, panda nyanya, pilipili, bamia, hata mchicha, kwani mchicha ni mtoto wa jua kali. Saa tatu hadi nne zinatosha sukuma wiki, chainizi, spinachi, vitunguu majani, giligilani. Chini ya hapo baki na mnanaa na matembele. Matembele kivulini yatakuwa membamba lakini utakula.

Vyombo havina siri, ila kumbuka mchicha unataka upana na nyanya inataka kina. Kupanda mchicha kwenye ndoo ya lita 20 ni kupoteza udongo, ule mduara mdogo unakupa chungu kimoja tu. Beseni lililopasuka lenye kina cha shubiri moja linatosha. Toboa matundu chini. Mbegu ni ndogo kama vumbi, changanya na mchanga mkavu ndipo utawanye, la sivyo zitaota kichaka upande mmoja. Wiki ya tatu au ya nne unang'oa. Nyanya, mche mmoja kwa ndoo moja, usiwe na huruma. Udongo wangu ni makopo mawili ya udongo mweusi, kopo moja samadi iliyooza, kopo moja pumba za mpunga. Udongo mtupu kwenye ndoo hugeuka tofali.

Maji nitaeleza mkiuliza. Karibuni.

Chumvi_Kidogo

Mkuu sijawahi kuwaza kwamba jua linahama upande. Nina miaka 41. Naweka kiti hapa.

Bei_ya_Sokoni

Sasa mkuu, fungu la mchicha mtaani ni shilingi mia tano. Wewe umenunua ndoo, udongo, mbegu, benchi la fundi, bado maji. Huo mchicha wako fungu moja umekugharimu elfu ngapi? Tuambizane ukweli.

Mpangaji_Juu

Ukweli ni kwamba mchicha haujarudisha hela na sidhani kama utarudisha. Naupanda kwa sababu watoto wanapenda kung'oa, na kwa sababu sitaki tena kuuliza mboga hii imemwagiliwa maji ya wapi. Sote tunajua bonde la Msimbazi linalimwa na tunajua kinachoingia mule mtoni.

Hela inarudi kwenye vitu vidogo. Piga hesabu ya giligilani: unanunua kishada, unatumia majani matano kwenye kachumbari, kingine kinaozea kwenye friji. Vitunguu majani hivyohivyo. Mnanaa hivyohivyo. Mimi nakata matawi mawili, mchana wa leo, basi. Vile vitunguu vya sokoni vyenye mizizi, kula majani, kichwa kipande tena, kinachipua. Kama una nafasi ya vyombo vitatu tu, usipande mchicha.

Gunia_la_Umoja

Salamu kutoka Nairobi. Huku sisi tuko karibu sana na ikweta, kwa hivyo jua ni nusu mwaka kaskazini, nusu kusini, karibu sawa. Shida yetu si upande, ni ploti zilivyojengwa. Kati ya jengo na jengo unaweza kumpa jirani chumvi kwa dirisha. Jua linafika chini dakika ishirini saa sita, limeisha. Mimi nilihamisha kila kitu kwa paa, baada ya kuongea na keateka, msimamizi wa jengo, vizuri.

Niongeze kuhusu magunia kwa wenye uwanja mdogo. Kibera ilishika sana baada ya vurugu za uchaguzi, 2008, wakati shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kugawa miche na kufunza watu. Chukua gunia la kilo 90. Chukua mkebe mkubwa usio na kitako, simamisha katikati, jaza kokoto ndani ya mkebe na udongo wenye mbolea kando yake. Ukifika juu ya mkebe, uvute juu, kokoto zinabaki, jaza tena. Mwisho una nguzo ya mawe katikati kutoka chini hadi juu. Maji unamwaga pale kwa mawe, yanasambaa gunia lote. Ukikosa hiyo nguzo, juu kutakuwa matope na chini kukavu kabisa. Kisha toboa kando, sukuma thelathini hivi zinaingia bila kusongamana. Mimi nachuma majani ya chini tu, mmea unaendelea miezi.

Na magunia ya plastiki jua linayakula. Msimu wa pili ukilishika gunia linapasuka kama karatasi. Panga kabla.

Fundi_Zege

Nimesoma hilo la gunia nikashtuka, nikaona niseme kabla mtu hajalipandisha balkoni. Udongo wa kawaida ukilowa, ndoo ya lita 20 inafika kilo thelathini na zaidi. Gunia la kilo 90 la mahindi likijazwa udongo ukalowa, hesabu kilo 150 mpaka 200. Magunia manne ni kama umepaki gari dogo pale kwenye ncha. Balkoni nyingi zimening'inia, nguvu yake iko pale inapoungana na jengo. Vizito viweke upande wa ukuta wa nyumba, vyepesi ndivyo viende ukingoni. Pumba za mpunga alizosema mkuu zinapunguza uzito sana. Gunia ni la chini, ardhini.

Na juu ya paa pia angalia maji yanakwenda wapi. Matundu ya ndoo yakimwaga kwenye zege kila siku, baada ya mwaka chumba cha chini kina ramani ya Afrika kwenye dari.

Gunia_la_Umoja

Kweli mkubwa. Yangu ya paa ni mikebe na tairi zilizokatwa, magunia yako chini kwa mama mkwe, Kitengela. Ningesema mapema.

Bi_Kidutu

Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, sina ghorofa, nina ukumbi nyuma wenye hatua nne. Nataka kusema juu ya makumbi. Hapa kwetu tunayo bure. Makumbi ya nazi ukiyachanachana ukayatia chini ya chungu, yanashika maji hata ukisahau siku mbili. Vumbi lake linachanganywa na udongo, chungu kinakuwa chepesi, huyo fundi atafurahi.

Lakini msichukue makumbi yaliyofukiwa pwani, yale wanayoyafanyia usumba wa kamba. Yamekaa ndani ya maji ya bahari miezi. Mie nilijitia ujanja nikachukua, mrehani wote ukakauka kwenye ncha za majani, ukafa. Chukua makavu ya jikoni, yaroweke maji matamu, yamwage, yaroweke tena.

Kisima_Kirefu

Afadhali Bi Kidutu umetaja chumvi. Mimi niko Kigamboni, maji ya kisima. Kila ninachopanda majani yanaungua pembeni kuanzia ncha, kama yamepitishwa pasi. Nilidhani ugonjwa, nimetumia hela kwenye madawa. Ni chumvi?

Mpangaji_Juu

Kwa maelezo hayo ni chumvi, mkuu. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au pembeni mwa ndoo, hakuna haja ya kuuliza tena. Kwenye ardhi mvua inaisukuma chini. Kwenye ndoo inajikusanya tu, kila ukimwagilia unaongeza. Kinga maji ya mvua ukiweza. Na kila baada ya wiki kadhaa mwaga maji matamu mengi mpaka yatoke chini kwa wingi, yasafishe. Watu hukosea wakidhani kumwagilia kidogokidogo kunasaidia, ndiko kunakozidisha.

Wenye kiyoyozi: yale maji yanayodondoka nje ni matamu kabisa, hayana chumvi. Mimi nimeweka dumu chini ya bomba la jirani kwa ruhusa yake, napata ndoo kwa siku moja au mbili za joto. Anacheka tu.

Nyanya_Zangu

Wataalamu, nyanya zangu zimebeba vizuri, lakini zikikaribia kuiva zinaoza kitako. Doa jeusi, limebonyea, kavu. Nimepiga dawa ya ukungu mara tatu. Jua ninalo la kutosha, kibaraza cha magharibi.

Bwana_Shamba_Mstaafu

Mwanangu, acha hiyo dawa, huo si ukungu. Tunda limekosa kalisi (kalsiamu), na mara nyingi kalisi imo kwenye udongo, ila inasafiri na maji. Ukimwagilia leo sana, kesho ukasahau, keshokutwa ukafidia, haifiki kwenye kitako cha tunda. Kwenye ndoo na jua la magharibi, tatizo hili ni la kila mtu. Mwagilia asubuhi na jioni, kiasi kilekile, na funika udongo kwa majani makavu. Yaliyooza yatoe. Yanayofuata utaona. Na usizidishe urea, majani yakiwa mengi yanayanyang'anya matunda.

Kwa kuwa nimeshafungua mdomo: vidukari kwenye sukuma msivikimbilie na madawa ya dukani, hasa chakula unachochuma kila siku. Konzi mbili tatu za majani ya mwarobaini, twanga, loweka usiku kucha kwenye lita tano, chuja, tia sabuni ya maji kijiko kimoja ili ishike, nyunyiza chini ya majani. Jioni, si mchana, jua linaiua nguvu. Rudia baada ya siku tano. Ukivipata vikiwa vichache, kidole kinatosha.

Nyanya_Zangu

Shikamoo mzee wangu. Nimepata aibu kidogo, maana ni kweli nafidia wikendi.

Bwana_Shamba_Mstaafu

Marahaba. Hata sisi tuliofundishwa tunafidia.

Mama_wa_Zamu

Ninafanya kazi ya afya, naomba neno moja. Visahani mnavyoweka chini ya ndoo. Dar imepitia homa ya dengi 2014 na tena 2019, na yule mbu wake hapendi mitaro michafu, anapenda maji safi yaliyotulia, kisahani chako kikiwemo. Kutoka yai mpaka mbu ni kama wiki moja hadi siku kumi. Kwa hiyo visahani vimwagwe na kusuguliwa kila wiki, mayai yanaganda pembeni. Au jaza mchanga ndani ya kisahani, maji yanashikwa na mbu hana pa kuogelea. Na hilo dumu la kiyoyozi, lifunike!

Mpangaji_Juu

Dumu limefunikwa kuanzia dakika hii. Sikuwa nimefunika.

Mbali_na_Nyumbani

Niko Uingereza, nathibitisha habari ya kusini. Huku dirisha la kusini ndilo watu wanagombania. Mchicha naupanda mwezi wa sita, kiangazi mchana ni mrefu unakua vizuri, mwezi wa kumi umekwisha kwa baridi. Mbegu nilipata kwenye duka la Wakaribi, wao wanaita kalalu. Nilisimama pale dukani nikicheka peke yangu, kumbe ni mchicha.

Chumvi_Kidogo

Wakuu, nimerudi. Nimepiga chaki jana siku nzima, mke wangu amenipiga picha akaituma kwenye kundi la familia. Majibu: jua linaingia saa moja hadi saa nne kasoro, mashariki safi kabisa, lakini linapiga kona moja tu, na kwenye hiyo kona kuna tenki la maji la lita 500.

Mpangaji_Juu

Hamisha tenki.

Chumvi_Kidogo

La mwenye nyumba. Na limejaa.

Fundi_Zege

Usilihamishe bila kulimwaga, na usilipeleke ukingoni.

Mpangaji_Juu

Basi piga misumari ya zege ukutani juu ya tenki, ning'iniza madumu ya lita tano yaliyokatwa ubavu. Vitunguu majani, giligilani, chainizi. Saa tatu za jua la asubuhi zinawatosha hao. Maji yakitiririka yatashukia kwenye mfuniko, hakikisha umefungwa vizuri, usije ukapika chai ya samadi.

Chumvi_Kidogo

Misumari mwenye nyumba amekataza kwenye mkataba.

Bi_Kidutu

Kamba ya usumba, mwanangu. Funga kwenye nondo za dirisha.